Kimbunga cha 1872 na Watu wa Usambara

Redio ikitangaza kimbunga, mtu wa Lushoto husikiliza kama anayesikiliza habari za nchi nyingine. Mei 2024 Hidaya ilipovuma kuelekea Mafia, jambo la kutazama huku milimani lilikuwa mvua na maporomoko ya udongo. Upepo ni wa pwani. Hata hivyo, kimoja kati ya vimbunga hivyo vya pwani kiliwagusa Wasambaa, bila kuezua paa hata moja la Vugha.

Tarehe 15 Aprili 1872 dhoruba iliipiga Unguja. Merikebu za Sultani Barghash na majahazi ya wafanyabiashara yakazama au yakatupwa ufukweni. Minazi na mikarafuu ikang'oka. Hukadiriwa kwamba theluthi mbili ya mikarafuu ya kisiwa hicho iliangamia. Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa.

Masimulizi mengi huishia hapo: Unguja ikapoteza, Pemba ikawa kisiwa cha karafuu. Basi! Kana kwamba mikarafuu ilijipanda yenyewe. Bei ilipanda, wenye mashamba wakakimbilia kupanda miche, na mche wa mkarafuu hutaka kupaliliwa miaka mitano au zaidi kabla ya kuchumwa. Enzi hizo jembe lilishikwa na mtumwa.

Mwaka uliofuata, tarehe 5 Juni 1873, Barghash alishinikizwa na Waingereza akatia sahihi mkataba wa kufunga soko la Mkunazini na kukataza watumwa kusafirishwa baharini. Soko likafungwa kweli, lakini haja ya watu ilikuwa palepale. Misafara ikatembezwa kwa miguu kutoka Kilwa kwenda kaskazini hadi Pangani na bandari za jirani, na kutoka huko watu wakavushwa kwa siri hadi Pemba.

Sasa, Pangani ndiyo iliyokuwa mlango wa Usambara. Na Usambara ya wakati huo ilikuwa vitani. Kimweri ye Nyumbai, mfalme aliyetawala Vugha kwa miaka mingi, alifariki mwaka 1862. Mjukuu wake Shekulwavu akarithi kiti, lakini Semboja, mwana wa Kimweri aliyekaa Mazinde kwenye njia ya misafara, akampinga. Mwenye kushinda alikuwa mwenye bunduki, na bunduki ilitoka pwani. Ililipwa kwa pembe za ndovu, na ililipwa kwa watu. Mwanamke aliyetekwa akitoka kuteka maji aligeuka kuwa baruti.

Kimbunga hakikuanzisha vita vya Wakilindi. Vilikuwa vimekwisha kuanza kilipovuma. Wala sisemi kila Msambaa aliyeuzwa alifika Pemba. Wengine waliishia kwenye mashamba ya miwa ya Pangani kwenyewe. Ninachosema ni kwamba kule chini walikuwapo wanunuzi wenye haraka, na haraka yao ilitokana na upepo wa siku moja. Hasara ya merikebu na mikarafuu iliandikwa na mabalozi wa kigeni. Kijiji kilichobaki na wazee peke yao hakikuandikiwa barua na balozi yeyote.

Utumwa ulipoondolewa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, miche ile ilikuwa miti mirefu ya kupandwa kwa ngazi. Wengi wa walioipanda walibaki palepale, wakiichuma.