Fundo la tai

Fundo la tai ni namna ya kufunga tai chini ya ukosi wa shati ili ncha pana ining'inie mbele na kuifunika ile nyembamba. Mwaka 1999 wanafizikia wa Cambridge, Thomas Fink na Yong Mao, walionyesha kwa hesabu kwamba tai ya kawaida ina mafundo 85. Ofisini huonekana machache tu. Tai ya mpira ya watoto wa shule haihesabiki hapa.

Jepesi kwa anayejifunza ni fundo sahili, ambalo huinama kidogo upande. Ncha pana huwekwa kulia, ikishuka zaidi ya nyembamba. Hupitishwa juu ya nyembamba, huzungushwa nyuma yake, hurudishwa mbele, kisha hupandishwa kutoka chini kupitia kitanzi cha shingoni na kushushwa ndani ya mkunjo wa mbele. Kabla ya kukaza, kidole cha shahada hubonyeza kitambaa chini ya fundo ili kibaki kibonyeo. Hapo ndipo hujulikana tai iliyofungwa kwa makini na iliyofungwa mbiombio. Ncha iguse mkanda wa suruali.

Fundo la Windsor ni nene, hufaa ukosi uliotanuka. Lina jina la Edward, Duke wa Windsor, mfalme wa Uingereza aliyejiuzulu mwaka 1936, ingawa mwenyewe alifunga fundo sahili kwa tai za kitambaa kizito.

Tai ya hariri hukatwa kwa mshazari, hivyo hunyumbuka. Ifunguliwe kwa kurudisha hatua zilezile. Kuchomoa ncha kwa nguvu huiharibu umbo.