Mlinzi wa Amin Asiyejua Kiswahili: Maisha ya Kazi ya James Harris, "Kamala", katika Mieleka ya Kulipwa

1.0 Utangulizi

Mwaka 1982, miaka mitatu baada ya majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda kuingia Kampala tarehe 11 Aprili 1979, watazamaji wa mieleka mjini Memphis, jimbo la Tennessee, walioneshwa mtu aliyedaiwa kuwa mlinzi wa zamani wa Idi Amin. Alikuwa mweusi, mrefu, mnene, peku, amejipaka rangi usoni, amechorwa nyota kifuani na mwezi tumboni. Alishika mkuki na ngao, akavaa kinyago na kitambaa cha kiunoni. Watazamaji waliambiwa kuwa ni mla watu kutoka Uganda. Jina lake ulingoni likawa Kamala, na baadaye akatangazwa kote duniani kama "Jitu la Uganda".

Mtu huyo hakutoka Uganda. Aliitwa James Arthur Harris, amezaliwa tarehe 28 Mei 1950 huko Senatobia, Mississippi. Uganda iliyooneshwa katika filamu fupi ya kumtambulisha lilikuwa shamba la promota Jerry Jarrett, Hendersonville, Tennessee, likiwa limefukiziwa moshi wa barafu kavu ili lifanane na msitu.

Insha hii, iliyoandikwa Madungu, Chake Chake, inafuatilia kazi ya Harris kwa sababu mbili. Kwanza, yeye ni mfano ulio wazi wa mwanamieleka wa kujitegemea: alifanya kazi chini ya mapromota wengi, bila ajira ya kudumu na bila kiinua mgongo. Pili, bidhaa aliyouza ilikuwa ni sisi. Vita vya Kagera, ambavyo katika nyumba nyingi za Pemba na Unguja bado vinasimuliwa kama "vita vya Nduli", viligeuzwa huko kuwa nguo ya mchezo kabla majeraha yake hayajapona huku. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, kuyaandika maisha ya Harris ni kuitazama taswira yetu katika kioo cha mtu ambaye naye alikuwa akidhulumiwa na kioo hichohicho.

2.0 Kutoka Coldwater hadi Benton Harbor

Harris alikulia Coldwater, Mississippi, katika familia ya wakulima waliolima mashamba ya wengine kwa kugawana mavuno. Baba yake aliuawa kwa risasi Harris akiwa mtoto mdogo. Aliacha shule mapema ili kusaidia shambani, akaingia katika wizi wa majumbani, na mwaka 1967 polisi wakamtaka aondoke mjini. Alihamia Florida, akachuma matunda na kuendesha malori. Alipofika umri wa miaka 25 hivi akahamia Benton Harbor, Michigan.

Hapo alikutana na Bobo Brazil, mmoja wa wanamieleka weusi mashuhuri zaidi wa karne ya 20. Jina halisi la Bobo Brazil lilikuwa Houston Harris, mzaliwa wa Arkansas, wala hakuwa na undugu wowote na James Harris licha ya kushirikiana ukoo wa jina. Hakuwa na uhusiano na Brazil pia. Jambo hili si dogo. Mwalimu wa kwanza wa Harris alikuwa amekwisha kuishi miongo kadhaa ndani ya nchi aliyobandikwa, na kwa mwanafunzi wake kubadilishiwa uraia ulingoni halikuwa jambo la ajabu bali sehemu ya ufundi.

Harris alianza kupigana mwaka 1978 kwa jina la Sugar Bear Harris. Alizunguka majimbo ya kusini, kisha akaenda Uingereza, ambako aliumia mguu na kulazimika kurudi nyumbani. Alipofika Memphis alikuwa mwanamieleka wa kawaida mwenye umbo kubwa, asiye na jina la kumjazia ukumbi.

3.0 Himaya za mapromota

Ili kuelewa kilichofuata ni lazima kuelewa mfumo. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 mieleka ya kulipwa ya Marekani iligawanyika katika himaya. Kila promota alikuwa na eneo lake, kipindi chake cha runinga na kumbi zake za kila wiki. Mwanamieleka alihamia himaya moja kwa miezi kadhaa, akapambana na shujaa wa wenyeji, akashindwa, kisha akahamia kwingine kabla watu hawajamchoka. Malipo yalitegemea viingilio vya usiku huo na hisani ya promota. Kisheria mwanamieleka alihesabiwa kuwa mkandarasi huru, hivyo usafiri, malazi na matibabu mara nyingi vilikuwa juu yake mwenyewe.

Katika mfumo huo mgeni wa kutisha alikuwa na thamani kubwa. Mwarabu, Mjapani, Mrusi, Mwafrika: kila mmoja aliletwa ili kupigwa. Jenerali Skandor Akbar, mmoja wa mameneja waliomwongoza Kamala katika himaya za kusini, alikuwa mzaliwa wa Texas.

Jerry Lawler, mwanamieleka na mchoraji, ndiye aliyembuni Kamala pamoja na Jarrett. Kwa maelezo ya Lawler, sura hiyo aliitoa katika michoro ya Frank Frazetta, msanii wa majalada ya hadithi za njozi. Hivyo chimbuko la "Mganda" huyu halikuwa Uganda, wala hata picha ya Uganda. Lilikuwa mchoro wa kubuni wa mtu ambaye hakuwa akichora Afrika yoyote iliyopo.

Msomaji asiharakishe kuliita jambo hili upuuzi mtupu. Mpemba anayeujua mchezo wa ng'ombe hahitaji kufundishwa kwamba mchezo unaweza kuwa na kanuni, nyimbo na maigizo, na hapohapo ukavunja mbavu za mtu. Dume halichinjwi, mchezaji halengi kuliua, na kila mtazamaji anajua hivyo. Lakini pembe ni pembe. Mieleka ya kulipwa iko karibu zaidi na mchezo huo kuliko ilivyo karibu na ndondi. Matokeo hupangwa, ila mwili unaoanguka huanguka kweli. Mwaka 1989 kampuni ya WWF yenyewe ilikiri mbele ya wabunge wa New Jersey kwamba mieleka ni burudani, kwa nia ya kuepuka usimamizi na kodi za michezo. Wakati huo Harris alikuwa amekwisha kuanguka kwa zaidi ya miaka kumi.

4.0 Lugha iliyonyimwa

Kipengele ambacho waandishi wa Marekani hawajakipa uzito ni ukimya wa Kamala. Harris hakuruhusiwa kusema. Alinguruma, alijipiga tumbo, alitumbua macho, na ulingoni alijifanya hajui hata namna ya kumbana mpinzani mabega chini. Aliyemsemea alikuwa meneja, na aliyemwongoza alikuwa mtu aliyefunikwa uso, aliyeitwa Friday katika himaya za kusini na baadaye Kim Chee katika WWF.

Sasa tuichukue hadithi yenyewe kwa neno lake. Mlinzi wa Idi Amin angesema lugha gani? Jibu halina utata mkubwa: Kiswahili. Kilikuwa lugha ya amri katika jeshi la Uganda tangu enzi za King's African Rifles, jeshi ambalo Amin alilitumikia na ambamo alikuwa bingwa wa ndondi. Mwaka 1973 Amin mwenyewe alikitangaza kuwa lugha ya taifa. Raia wengi wa Buganda walikichukia Kiswahili kwa sababu hiyohiyo, kwamba kilitoka katika vinywa vya askari vizuizini. Mlinzi wa kweli wa Amin angeliweza kukaa kibarazani Madungu na kuelewana na kila mpita njia. Mlinzi wa Memphis alinyimwa lugha yote.

Haikuwa kwamba Kiswahili hakikufahamika kabisa katika biashara hiyo. Mwaka 1990 WWF ilimvika mwanamieleka mweusi maarufu, Tony Atlas, mavazi ya manyoya na mkuki, ikampa jina la Saba Simba. Maneno yote mawili ni ya Kiswahili, lakini yamepangwa kinyume na sarufi, kwani nambari hufuata nomino. Inaonekana aliyelitunga jina alifungua kamusi na kuifunga kabla ya kufika kwenye sintaksia. Miaka miwili kabla yake, 1988, kampuni hiyohiyo ilikuwa imemgeuza Mmarekani mweupe kuwa Akeem, "Mwafrika". Tukiwaweka watatu hawa pamoja tunaona kwamba Afrika ilikuwa vazi, na vazi halihitaji kusema kitu kinachoeleweka.

Hata hivyo, si sahihi kuitupia Marekani pekee lawama ya Amin mla watu. Mwaka 1981, mwaka mmoja kabla ya Kamala, ilitoka filamu kuhusu kuinuka na kuanguka kwa Amin, iliyoongozwa na Sharad Patel wa Kenya, huku Mkenya Joseph Olita akicheza nafasi ya Amin. Nayo ilimwonesha Amin akila nyama ya binadamu. Uvumi ulikuwa bidhaa hata katika soko la Nairobi. Na sisi wa pwani tuna hadithi zetu za mumiani, wanyonya damu waliodhaniwa kufanya kazi kwa niaba ya Wazungu, hadithi ambazo mwanahistoria Luise White amezichukua kama chanzo halali cha historia ya ukoloni. Tofauti iko katika nani anafaidika. Hadithi ya mumiani ilisimuliwa na wanyonge kuhusu wenye nguvu. Hadithi ya Kamala iliuzwa na wenye nguvu, na mnyonge akalipwa kuivaa.

5.0 Wembley, 1992

Kufikia katikati ya miaka ya 1980 himaya zilikuwa zikimezwa na WWF ya Vince McMahon. Harris aliingia humo kwa vipindi, mwaka 1984, kisha 1986 na 1987 alipopambana na Hulk Hogan, na tena 1992. Katikati alirudi himaya za Texas na kwingineko. Aliingia na kutoka, na kila alipotoka alikuwa na jina lile lile mkononi.

Tarehe 29 Agosti 1992 alipambana na Undertaker katika uwanja wa Wembley, London, mbele ya watu ambao kampuni ilitangaza kuwa 80,355. Mwezi Novemba mwaka huohuo walikutana tena katika pambano la jeneza, ambamo anayeshindwa hufungiwa sandukuni. Aliyefungiwa alikuwa Kamala.

Harris alieleza baadaye kwamba Wembley ilimpa dola 13,000, na kwamba mpinzani wake alilipwa takribani dola 500,000. Takwimu hizi ni ushahidi wa upande mmoja na mtafiti anapaswa kuzipokea hivyo. Lakini hata zikipunguzwa, zinaonesha jinsi mtu aliyejitegemea alivyotegemea. Hakukuwa na chama cha wafanyakazi cha kumtetea, na malipo ya wenzake aliyajua kwa kusikia tu.

Mwaka 1993 WWF ilimbadilisha kuwa mhusika mwema: meneja mpya, Slick, alijitwika kazi ya kumfundisha Kamala kuwa "mwanadamu". Kwa maoni yangu hicho ndicho kipindi kibaya zaidi katika kazi yake yote. Mla watu wa 1982 angalau alitisha. Huyu wa 1993 alichekwa kwa kufundishwa ubinadamu ambao hakuwahi kuukosa. Mwaka huohuo Harris aliondoka na kurudi kwenye usukani wa lori.

6.0 Hesabu ya mwili

Alirejea ulingoni mwaka 1995 katika kampuni ya WCW, akaonekana tena WWF katika pambano la wakongwe mwaka 2001, na kwa muda uliobaki alipigana katika kumbi ndogo za mapromota huru. Kisukari, ambacho aligunduliwa kuwa nacho mwaka 1992, kiliendelea kumla. Novemba 2011 alikatwa mguu wa kushoto chini ya goti. Aprili 2012 alikatwa wa kulia. Mashabiki walichangishana fedha, naye alitengeneza viti vya mbao na kuviuza.

Mwaka 2015 alitoa kitabu cha maisha yake, Kamala Speaks. Jina la kitabu lina uzito: linatangaza kwamba Kamala sasa anasema. Mwaka 2016 alijiunga na wanamieleka zaidi ya 50 walioishitaki WWE kwa madai ya majeraha ya ubongo. Kesi ilitupwa Septemba 2018. James Harris alifariki tarehe 9 Agosti 2020 huko Oxford, Mississippi, baada ya kuambukizwa UVIKO-19, akiwa na umri wa miaka 70.

7.0 Waganda ulingoni

Buganda ilikuwa na mieleka yake, ekigwo, muda mrefu kabla ya runinga. Mieleka ya kulipwa ya mtindo wa Marekani, iliyochezwa na Waganda wenyewe na kutazamwa ulimwenguni, ilisubiri hadi mwaka 2023, pale Daniel Bumba alipoanzisha kundi la Soft Ground Wrestling huko Mukono, mashariki ya Kampala. Kwa kukosa ulingo wa kisasa walisimika nguzo za mianzi, wakafunga kamba na kuangushana katika matope. Picha zao zilienea katika mitandao ya kijamii.

Vijana hawa, wa kike na wa kiume, huongea. Hutambiana, hubishana na refa, hujipa majina wenyewe. Katika hilo wamekwenda mbali kuliko Jitu la Uganda lilivyoruhusiwa kwenda. Lakini ulingo wa matope nao ni ulingo, na maswali yaliyomwandama Harris yako pale pale Mukono: nani anamiliki picha inayotazamwa London na Tokyo, mapato yake yanagawanywaje, na mchezaji akivunjika shingo, gharama ya hospitali inaandikwa kwa jina la nani.