Jani tamu la wafungwa wa Sydney

Katika vichaka vya mawe ya mchanga vinavyouzunguka mji wa Sydney, Australia, huota mmea mwembamba utambaao juu ya miti mingine. Maua yake ni madogo na hayavuti macho. Jani lake ndilo lenye historia: lina mishipa mitatu iliyo dhahiri, na likitafunwa hutoa utamu ulioandamana na uchungu.

Mnamo Januari 1788 merikebu 11 kutoka Uingereza ziliwashusha hapo watu zaidi ya 1,000, wengi wao wafungwa, katika ardhi ya watu wa Gadigal. Walikula unga na nyama iliyotiwa chumvi. Mboga walizopanda hazikustawi, na baada ya miezi michache kiseyeye kikawaandama: fizi zikavimba, meno yakalegea, vidonda vikakataa kupona. Maradhi hayo pwani ya Afrika Mashariki iliyashuhudia mapema. Mabaharia wa Vasco da Gama waliofika Malindi Januari 1499 wakiwa taabani walililia machungwa. Sydney hakukuwa na michungwa ya kuvunwa.

Ndipo madaktari wa msafara wakageukia majani ya mwituni. Jani hilo likachemshwa na kunywewa, na kwa vile chai halisi haikuwamo katika posho ya wafungwa, hata wazima walilipenda. Vitamini C, ambayo upungufu wake ndio chanzo cha kiseyeye, ilikuja kutambuliwa karne ya 20, nayo hupungua sana ikichemshwa. Si ajabu basi kwamba chai hiyo peke yake haikuufukuza ugonjwa.

Hata hivyo sifa zake ziligombewa. Novemba 1788 daktari Dennis Considen alimwandikia Sir Joseph Banks mjini London, akidai kwamba ikiwa kuna heshima yoyote kwa kuwatibu wafungwa kwa mimea ile, heshima hiyo ni yake. Jina la kisayansi, Smilax glyciphylla, lilitolewa na James Edward Smith katika kitabu cha daktari mkuu John White, kilichochapishwa mwaka 1790. Waliolichuma na kulinywa hawakuulizwa neno.

Mmoja wao, hata hivyo, aliacha ushahidi wake. Usiku wa Machi 28, 1791, Mary Bryant, mumewe William, watoto wao wawili na wanaume saba waliiba mashua ya gavana, wakasafiri zaidi ya kilomita 5,000 hadi Kupang, Timor. Huko walikamatwa. Mume na mtoto wa kiume walifia Batavia. Binti alifariki baharini, njiani kurejea Uingereza. Mary, aliyesamehewa Mei 1793, alisaidiwa na mwandishi James Boswell, naye akampa majani makavu ya chai ile. Alikuwa ameyahifadhi katika safari yote hiyo, baharini na kifungoni.

Boswell aliyaweka katika karatasi zake, yakagunduliwa tena karne ya 20. Baadhi yamo katika Maktaba ya Jimbo la New South Wales, mjini Sydney, mwendo mfupi kwa miguu kutoka bandari ambako mashua ile iliibiwa.