Bastola ya Muvi, Damu ya Wamoro

Wasee, ile M1911 mnayoiona kwa muvi za vita haikuanzia Hollywood. Wamarekani walipovamia kusini mwa Ufilipino, mpiganaji wa Moro alikuwa anakula risasi za .38 na bado anakuja na panga. Jeshi likataka risasi nzito. 1904 wakazijaribu kwa ng'ombe hai na maiti za watu. Eti utafiti!

John Browning akaunda bastola ya .45, risasi 7 kwa magazini. Ukifyatua, chuma cha juu kinarudi nyuma, ganda linaruka nje, risasi nyingine inaingia. Kwenye majaribio ilipiga risasi 6,000 bila kukwama. Browning alikuwa fundi, hiyo nampa. Ikawa bastola rasmi ya jeshi kuanzia 1911 hadi 1985.

Lakini Wamoro walikuwa wanalinda kwao. Umewahi kusikia shabiki wa bunduki akiwataja?