Mille Lacs: Ziwa la Samaki Mwenye Jicho la Usiku

Julai 1837, pale Mto Minnesota unapomwagika katika Mississippi, wazee wa Waojibwe, wenyeji wa nchi ile ya maziwa, walikaa siku kadhaa wakizungumza na gavana Henry Dodge, mjumbe wa serikali ya Marekani. Mmoja wa wakalimani alikuwa Stephen Bonga, mtu mweusi aliyezaliwa na mama Mojibwe. Babu na bibi yake upande wa baba walifika katika nchi ile ya maziwa wakiwa watumwa wa ofisa mmoja Mwingereza. Mezani palitandazwa ramani. Mzee Magegawbaw akasogea, akaweka kitawi cha mwaloni kando yake, akasema kuwa nchi wanaitoa, ila mti unaowapa riziki wanaubakiza, na vijito wanavyokunywa maji yake wanavibakiza. Karani akaandika.

Mkataba ulitiwa saini tarehe 29. Waojibwe waliachia eneo la ekari zipatazo milioni 13, na kwa muda wa miaka 20 wangelipwa kila mwaka dola 9,500 taslimu, bidhaa za dola 19,000, chakula cha dola 2,000 na tumbaku ya dola 500. Kifungu cha tano kiliwaachia haki ya kuwinda, kuvua na kuvuna mpunga-mwitu katika nchi waliyoitoa. Anayetaka kuelewa safari za uvuvi za kiangazi katika Ziwa Mille Lacs, jimboni Minnesota, leo, pamoja na furaha na ugomvi wake, hana budi kuanzia kwenye kile kitawi.

Ziwa lenyewe ni kubwa na halina kina. Lina ekari 132,000, yaani hekta elfu hamsini na tatu hivi, lakini hata mahali penye kina kirefu kabisa hapafiki mita 13. Kwa sababu hiyo upepo ukivuma kwa saa mbili tu, maji yote hutibuka. Wadakota, walioishi hapo kabla ya Waojibwe, waliliona kuwa ziwa takatifu. Padre Louis Hennepin alilifikia mwaka 1680 akiwa mateka wao. Katika karne ya 18 Waojibwe walisogea kutoka mashariki, wakawaondoa Wadakota, wakaliita Misi-zaaga'igan, ziwa kubwa. Jina linaloandikwa kwenye ramani, Mille Lacs, ni la Wafaransa, na maana yake ni maziwa elfu.

Anayewavuta watu huko ni samaki mmoja. Waojibwe humwita ogaa, Waamerika wengine humwita wolai. Ana rangi ya dhahabu iliyochanganyika na kijani, ncha nyeupe chini ya mkia, na meno makali. Lakini wa kutazamwa ni jicho lake. Nyuma ya mboni kuna utando unaorudisha mwanga, kama wa paka, hivyo mwanga mdogo kwake ni mwingi. Jua likiwa kali na maji yakiwa matulivu, yeye hushuka au hujificha. Mawingu yakitanda, jioni ikiingia, au upepo ukivunja uso wa maji, hupanda kwenye miamba na kuwinda samaki wadogo ambao wakati huo hawaoni vizuri. Basi mvuvi wa Mille Lacs huomba upepo, jambo ambalo mvuvi wa mahali pengine angelikimbia. Kiongozi wa uvuvi akiamka alfajiri na kukuta ziwa limelala kama kioo, hujua siku itakuwa ndefu.

Kabla ya siku za hao viongozi palikuwa na miaka ya maumivu. Mwaka 1850 Rais Zachary Taylor aliamuru Waojibwe wahame, na haki zile za uvuvi zifutwe. Ili kuwavuta upande wa magharibi, maofisa walihamishia malipo ya mwaka huo kwenye Ziwa Sandy, mwishoni mwa vuli. Watu walifika, fedha na chakula havikufika. Waojibwe wapatao 400 walikufa kwa maradhi, njaa na baridi, wengine wakiwa wanangoja, wengine wakiwa njiani kurudi kwao. Waliosalia walikataa kuhama. Mwaka 1855 wale wa Mille Lacs walitengewa ekari 61,000 kando ya ziwa, kisha wakata mbao na walowezi wakazimega mpaka ikabaki sehemu ndogo tu.

Reli zilipokaribia, mwanzoni mwa karne ya 20, walianza kufika wageni wa aina nyingine, watu wa mjini wenye likizo. Kote Minnesota kaskazini na katika jimbo jirani la Wisconsin kulizuka kambi za kiangazi: vibanda vya magogo, gati la mbao, mtumbwi au mashua ya makasia, na mtu wa kukuongoza. Mara nyingi mtu huyo alikuwa Mojibwe. Yeye ndiye aliyejua mwamba uko wapi chini ya maji, samaki hupanda saa ngapi, na mawingu yale kule magharibi yanakuja na nini. Alipiga makasia mchana kutwa, akatoa samaki ndoana, na adhuhuri akawasha moto ufukweni akawakaangia wageni walichokivua.

Hapa nasimama kidogo, maana ndipo kiini cha habari yote kilipo. Mtu huyohuyo aliyelipwa kumpeleka mgeni kwa samaki angeweza kukamatwa na askari wa wanyamapori wa jimbo kama angetega wavu usiku ili alishe watoto wake. Jimbo lilidai kuwa sheria zake za uvuvi zinamhusu kila mtu. Ujuzi wake ulikuwa halali ukiuzwa, lakini riziki yake ikawa kosa. Hali hiyo ilidumu vizazi vitatu, na wageni wengi walipiga picha na viongozi wao wakarudi nyumbani bila kuijua.

Mashine nazo zikaja. Mwaka 1909 Ole Evinrude, huko Milwaukee, alianza kuuza injini ya kufungwa nyuma ya mashua, na makasia yakaanza kustaafu. Mille Lacs ikapata desturi yake, yaani boti kubwa bapa linalobeba makumi ya wavuvi kwa pamoja. Nahodha hulipeleka juu ya miamba au juu ya vilima vya tope vya upande wa kaskazini, huzima injini, hulipa upepo ubavu, na boti husukumwa taratibu. Abiria wamepangana ukingoni, babu kando ya mjukuu, kila mmoja na ufito wake, macho kwenye kiboya. Juni ni mwezi mgumu, maana wadudu wa majini huchomoza topeni kwa mamilioni na samaki hushiba hata chambo hakimtamanishi.

Mwaka 1959 Carl Lowrance alitoa kisanduku cha kijani kilichotumia mwangwi wa sauti kuonyesha kina cha maji na samaki waliomo. Miaka michache baadaye ndugu wawili waliohamia Brainerd, mji usio mbali na ziwa, Al na Ron Lindner, walieneza mtego wa kamba uliobeba jina la kampuni yao, Lindy. Nauelezea kwa sababu ndani yake mna elimu nzima ya samaki huyu. Chubwi lina umbo la kiatu, ili litembee juu ya mawe bila kunasa. Kamba imepita ndani ya tundu lake na inateleza bila kizuizi. Mbele yake kuna urefu wa pima moja hivi, kisha ndoana ndogo, na juu ya ndoana ruba aliye hai, ametobolewa upande wa kinyonyeo ili aendelee kuogelea. Boti hurudi kinyumenyume polepole. Mvuvi ameiachia kamba huru, ameizuia kwa kidole tu. Wolai hamezi kwa pupa, hunyonya, huonja, na akihisi uzito wa chubwi hutema. Basi ukihisi mguso, unaondoa kidole. Kamba inateleza, samaki anaondoka na ruba akidhani amepona. Unahesabu, unavuta ulegevu, ndipo unainua ufito. Kijana akifundishwa mguso ule na kiongozi mzuri, hausahau.

Paiki naye yumo ziwani, mrefu, madoadoa ubavuni, mdomo kama wa bata uliojaa meno. Hukata kamba kama wembe, hivyo anayemtafuta hutanguliza waya mbele ya ndoana. Nyama yake ni nzuri, ila ina miba yenye umbo la Y inayodai kisu cha mtu mwenye subira.

Mwaka 1990 Waojibwe wa Mille Lacs walilishtaki jimbo mahakamani, wakidai kilichoandikwa mwaka 1837. Pande mbili zikapatana mwaka 1993: jimbo litoe dola milioni 8.6 na ekari 7,500 za ardhi, na Waojibwe wawe na eneo lao la kuvua lisilofika asilimia 5 ya ziwa. Bunge la Minnesota likakataa. Wenye kambi na wavuvi wa mchezo waliogopa nyavu. Bud Grant, kocha mashuhuri wa mpira wa Kimarekani, alisimama hadharani kuwatetea. Nakiri kuwa hofu yao haikuwa ya uongo. Mtu aliyekopa kununua vibanda na boti, akisikia samaki watagawanywa, hulala macho wazi. Lakini waliikataa ahadi iliyokuwa imeandikwa kabla Minnesota haijawa jimbo. Tarehe 24 Machi 1999 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, kwa majaji watano dhidi ya wanne, kwamba haki ya mwaka 1837 ingali hai. Jaji Sandra Day O'Connor aliandika hukumu, na ndani yake mzee Magegawbaw na mti wake wakatajwa tena, miaka 162 baadaye.

Tangu hapo kila mwaka wataalamu wa jimbo na wa Waojibwe huketi pamoja, wakakisia wolai wanaoweza kuvuliwa bila kulidhuru ziwa, wakagawana ratili kwa ratili. Mpango ulikuwa wa haki. Ziwa, hata hivyo, lilikuwa linabadilika. Maji yalizidi kuwa maangavu, kwanza kwa kudhibitiwa maji taka, kisha kome-milia, kombe wadogo kutoka Ulaya ya mashariki waliogunduliwa humo mwaka 2005, wakayachuja zaidi. Kiangazi kikawa na joto zaidi. Kwa samaki mwenye jicho la usiku, mwangaza na joto ni kufukuzwa nyumbani. Watafiti waligundua kuwa vifaranga vilizaliwa kwa wingi, ila vichache vilifika umri wa kuzaa. Wengi walizilaumu nyavu, lakini nyavu haziangazi maji.

Tarehe 3 Agosti 2015, katikati ya msimu wa wageni, uvuvi wa wolai ulifungwa kwa wavuvi wa mchezo kwa kuwa sehemu yao ya mwaka ilikuwa imekwisha. Mwaka uliofuata ikaruhusiwa kuvua na kurudisha tu, na Julai 2017 hata hilo likasimamishwa kwa majuma kadhaa. Wageni walishangaa: kama ninamrudisha, ninapunguza nini? Jibu liko kwenye joto. Samaki aliyetolewa maji ya uvuguvugu, akapambana na kamba, akashikwa mkononi, wakati mwingine huogelea na kutoweka kisha akafa bila kuonekana. Wataalamu huwakadiria hao na kuwahesabu, nao hupunguza mgao sawa na waliokaangwa.

Kilichokuwa balaa kwa mmoja kilikuwa neema kwa mwingine. Besi mdomo-mdogo, samaki wa rangi ya shaba mwenye mabaka, hupenda mwamba, mwanga na maji ya vuguvugu, akastawi na kunenepa. Septemba 2016 mashindano makubwa ya kitaifa ya kuvua besi yaliletwa Mille Lacs, na mwaka 2017 jarida la Bassmaster lililitaja kuwa ziwa la kwanza kwa besi nchini. Viongozi waliolelewa kwa ruba na chubwi walijifunza upya: kurusha badala ya kuburuta, kuwinda kwa macho juu ya mawe badala ya kusubiri giza. Wasomaji wa Kenya wanamfahamu ndugu yake, besi mdomo-mkubwa, aliyeletwa Naivasha kutoka Marekani wakati wa ukoloni kwa ajili ya mchezo huohuo, na bado yumo.

Wolai naye hakwisha. Wale waliozaliwa mwaka 2013 walilindwa kwa makusudi, wakakua, na taratibu ruhusa ya kupeleka samaki nyumbani ikarudi, kwa idadi ndogo.

Barafu ikivunjika, kwa kawaida mwezi Aprili, wolai husogea kwenye changarawe za kina kifupi kutaga mayai. Viongozi wa kiangazi wanakuwa bado wanapaka boti rangi na kufunga injini. Usiku, Waojibwe huingia na nyavu, wengine na mikuki na taa kichwani, na taa ikipiga majini yale macho hung'aa kwa rangi ya machungwa. Alfajiri mashua hurudi gatini, ambako mtu amekaa akingoja, ana daftari, mizani na ubao wa kupimia. Samaki hupita mikononi mwake mmoja mmoja. Anapima urefu, anatazama dume au jike, anaandika, na kumrudisha kwa mwenyewe. Mwezi Mei boti la kwanza la wageni linapoacha gati, hesabu ya wale wa Aprili imeshaingia vitabuni.