Picha ina wenyewe wawili: historia ya Kongo na somo kwa wenye biashara

Karuba, Masisi – Kijana mmoja wa kwetu, muuzaji wa jibini na viazi kutoka milima ya Masisi, alinifuata na simu yake mkononi. Alikuwa amefungua tovuti ya biashara yake, na juu kabisa aliweka picha ya mama aliyebeba gunia la viazi. Picha aliitoa kwenye intaneti. Ndani ya wiki moja watu wawili walimwandikia. Wa kwanza ni mpiga picha, akidai malipo. Wa pili ni binti wa yule mama. Familia yao ilikimbia Karuba Februari 2023, vita vilipofika huku na Mushaki. Binti aliuliza: "Nani aliwapa ruhusa ya kuuza mali yenu kwa uso wa mama yetu?"

Kijana akaniambia: "Yaya, kosa langu ni nini? Picha si ilikuwa wazi kwa watu wote?"

Ndugu wasikilizaji, swali hilo ni la zamani kuliko intaneti. Hapa Kongo lina zaidi ya miaka mia moja.

Mwaka 1885 Mfalme Leopold II wa Ubelgiji alijitwalia nchi yetu, ikaitwa Dola Huru la Kongo. Mwaka uliofuata, tarehe 22 Machi 1886, Ubelgiji ilitoa sheria ya haki za mtunzi. Kifungu cha 20 kilisema kwamba aliyetengeneza picha ya sura ya mtu, au anayeimiliki, haruhusiwi kuionyesha hadharani bila kibali cha mtu huyo. Akifa, kibali kiombwe kwa warithi wake kwa muda wa miaka 20. Basi Wabelgiji walijua mapema kwamba uso wa mtu una mwenyewe. Lakini heshima hiyo haikuvuka bahari pamoja na kamera zao.

Angalieni mifano miwili.

Tarehe 14 Mei 1904, kule Baringa, baba mmoja jina lake Nsala alifika kwenye misheni akibeba mabaki ya mtoto wake wa kike, aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira. Mmisionari Alice Seeley Harris alimpiga picha. Picha hiyo ilionyeshwa kwenye mikutano Uingereza na Marekani, na mwaka 1905 ilitiwa katika kijitabu cha mwandishi Mark Twain. Ilikuwa kati ya ushahidi uliomfanya Leopold apoteze Kongo mwaka 1908. Na jina la baba huyo lilihifadhiwa, ndiyo maana hata leo tunamtaja.

Mfano wa pili ni wa biashara. Kuanzia mwaka 1924, Mpolandi Kazimierz Zagórski alifanya kazi ya picha Léopoldville, Kinshasa ya leo. Alizunguka nchi, akauza kadi za posta zenye sura za watu wetu. Kwa kawaida chini ya kadi liliandikwa jina la kabila, si jina la mtu. Kadi zilinunuliwa, zikatumwa Ulaya, na hadi leo wakusanyaji wanaziuza. Wajukuu wa watu wale hawawezi hata kujua yupi ni babu yao.

Sasa tuje kwenye sheria. Kongo iliingia katika Mkataba wa Bern mwaka 1963, na tarehe 5 Aprili 1986 ilipata sheria yake ya haki za mtunzi, namba 86-033. Chini ya mkataba huo, picha inalindwa tangu inapopigwa, hata bila kuandikishwa popote. Aliyeipiga ndiye mtunzi, hata kama alitumia simu ya kawaida. Kuipata kwenye intaneti si kuipewa.

Wengine husema: "Hii ni ya zamani, haina mwenyewe." Hapana. Katika nchi za Umoja wa Ulaya na Uingereza, kwa kawaida wanahesabu miaka 70 tangu kifo cha mtunzi. Zagórski alifariki mwaka 1944, kwa hiyo muda wa kadi zake umekwisha. Alice Harris aliishi miaka 100, akafariki mwaka 1970. Picha yake ya 1904, ingawa ni ya zamani zaidi, inaweza kulindwa huko hadi mwisho wa 2040. Na tovuti yako inafunguliwa huko pia.

Kuna picha ambazo watunzi wamezitolea ruhusa mapema, kwa leseni za Creative Commons zilizoanza mwaka 2002. MONUSCO, kwa mfano, iliweka picha nyingi za Kivu kwa njia hiyo. Lakini soma masharti: karibu zote zinadai umtaje mpiga picha, na nyingine zinakataza biashara.

Hata hivyo, leseni ya mpiga picha si ruhusa ya anayeonekana. Mwaka 2007 kampuni ya Virgin Mobile huko Australia ilichukua kwenye intaneti picha ya msichana wa Marekani, yenye leseni inayoruhusu biashara, ikaibandika kwenye vituo vya basi. Msichana hakuulizwa. Familia yake ilishitaki Marekani, lakini mwaka 2009 mahakama ilisema haina mamlaka juu ya kampuni hiyo ya Australia. Basi hata mwenye mwanasheria anaweza kukosa haki kwa sababu ya umbali. Je, mama aliye kambini bila hata simu?

Kwetu sisi tuliohama jambo hili ni zito. Uso unaweza kuonyesha mtu amejificha wapi, na watoto wa nani wako naye. Kifungu cha 31 cha Katiba yetu ya 2006 kinampa kila mtu haki ya kuheshimiwa maisha yake ya faragha. Kuishi chini ya hema hakumwondolei mtu haki hiyo.

Basi mwenye biashara aulize mara mbili: mpiga picha na anayeonekana. Aeleze picha itawekwa wapi na itauza nini. Wakikubali, iandikwe, hata kwa ujumbe wa simu, na wasitishwe wala kuahidiwa msaada ili wakubali. Kwa mtoto, aulizwe mzazi. Na wewe unayepigwa picha, una haki ya kusema hapana.

Yule kijana aliondoa picha, akaelewana na mpiga picha, akampigia binti simu kuomba msamaha. Siku hizi juu ya tovuti yake kuna jibini lake mwenyewe juu ya meza, picha aliyoipiga kwa simu yake. Aliniambia kwamba wateja hawajapungua.