Nirudishie Barua Zangu

Mwaka 1741 kijana wa Kiingereza aliyeitwa Horace Walpole aliondoka Florence, Italia. Alikuwa na umri wa miaka 23, mtoto wa waziri mkuu, na alikuwa katika ile safari ndefu ya Ulaya ambayo vijana wa matajiri wa Uingereza waliifanya ili kukamilisha elimu yao. Mwenyeji wake alikuwa wajina wake, Horace Mann, mwanadiplomasia wa Uingereza mjini humo. Waliagana, na hawakuonana tena hadi Mann alipofariki mwaka 1786.

Kwa miaka 45 waliandikiana. Wahenga walisema waraka ni nusu ya kuonana. Kwa hawa wawili, nusu hiyo ndiyo iliyokuwa yote.

Walpole, aliyekuwa mbunge, alimpa rafiki yake habari za Bunge, ndoa za wakubwa, na uasi wa 1745, pale Charles Edward Stuart alipojaribu kuirudishia familia yake kiti cha enzi. Mann naye alikuwa na kazi ya kuwachunguza hao hao akina Stuart waliokuwa wakiishi uhamishoni Roma. Barua zilichukua wiki kadhaa njiani, na wote wawili walijua kwamba serikali huzifungua. Mambo ya hatari yalisubiri msafiri wa kuaminika.

Mara nyingine habari zilikuwa za furaha tu. Mann alimtumia Walpole picha ya Bianca Cappello, mwanamke maarufu wa Florence wa karne ya 16. Tarehe 28 Januari 1754 Walpole alimwandikia kushukuru, akamsimulia jinsi alivyokutana kwa bahati, ndani ya kitabu, na jambo kuhusu nembo ya ukoo wa Cappello. Hakuwa na neno la kuita bahati ya namna hiyo, ya kupata kizuri usichokitafuta, basi akalitunga: serendipity. Alilitoa katika hadithi ya wana watatu wa mfalme wa Serendip, jina la kale la Sri Lanka. Leo neno hilo liko katika kila kamusi ya Kiingereza, na lilizaliwa ndani ya barua ya asante.

Lakini kuna jambo moja linaloutia doa urafiki huu. Walpole aliomba arudishiwe barua zake. Mann alizifunga mafungu mafungu na kuzirudisha London, ambako Walpole alizinakilisha na kuziwekea maelezo. Alijua kwamba siku moja zitasomwa kama historia ya zama zake, na kweli zilianza kuchapishwa mwaka 1833, miaka 36 baada ya kifo chake. Je, alikuwa akimwandikia rafiki, au alikuwa akituandikia sisi, na Mann ni sanduku la posta tu?

Nadhani ni yote mawili. Mtu anayetafuta wasomaji tu hadumu na msomaji mmoja kwa miaka 45. Walpole alihitaji sikio la mtu aliyempenda ndipo aweze kusema na dunia.

Ninayemfikiria zaidi ni Mann. Hakurudi kwao Uingereza hata mara moja. Cha rafiki yake alichoweza kukishika mkononi kilikuwa karatasi zile, na kila alipoombwa, alizifunga na kumpa msafiri.